Mileji ya Uongo: Vile KRA Hugundua Safari Ambazo Pikapu Yako Haikwenda

Wakati wa kufaili ritani ukikaribia, simu zangu hubadilika. Badala ya kuulizwa kuhusu ukungu wa viazi, naulizwa kuhusu mafuta ya gari. Swali la wiki iliyopita lilikuwa hivi: "Afisa, huyu anayenisaidia kujaza ritani anasema tuandike mafuta ya milioni moja, ati KRA hawawezi kujua pikapu yangu ilienda wapi. Ni kweli?"

Si kweli, na leo nataka tuelewane kwa nini. Mimi ni mtu wa mbegu na mbolea, lakini hii hesabu ya mileji ni rahisi kuliko ile ya kuchanganya dawa ya kunyunyizia. Ukishaiona, utashangaa watu wanaijaribu vipi.

Kwanza, tutoe wale ambao jambo hili haliwahusu. Kama mauzo yako kwa mwaka ni kati ya Sh milioni 1 na milioni 25 na uko kwenye ule ushuru wa mauzo watu huita TOT, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote, basi. Hakuna kutoa gharama. Mafuta, mbolea, vibarua, hakuna kinachopunguza. Mileji inaanza kuwa na maana ukiwa umepita hapo, au umemwandikia Kamishna kwamba hutaki TOT, unataka kulipa ushuru wa kawaida juu ya faida. Hapo ndipo kila shilingi ya gharama inapunguza faida, na ndipo mtu anajaribiwa kuongeza mafuta. Anachagua mafuta kwa sababu gunia la mbolea unaweza kulihesabu stoo, lakini petroli imeshachomeka na safari imeshaisha. Nani atajua?

Sheria ya Ushuru wa Mapato, kifungu cha 15, inakubali gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kutafuta mapato hayo tu. Kifungu cha 16 kinakataa matumizi yako binafsi na ya familia. Kwa hivyo kupeleka watoto shule, kanisa, matanga, hiyo yote nje. Kenya hatuna kiwango cha kila kilomita ambacho mkulima anayejiajiri anajikatia tu. Unadai gharama halisi ya gari, halafu unagawa: hii ni ya shamba, hii ni ya nyumbani. Viwango vya AA vya kila kilomita, vile watu hutumiana kwa WhatsApp, ni vya mwajiri kumrudishia mfanyakazi aliyetumia gari lake kwa kazi. Kama shamba lako ni kampuni na unamlipa mtaalamu wako wa mimea anayezunguka na pikipiki yake, hapo vinakuhusu. Kujilipa wewe mwenyewe kama mkulima binafsi, hapana.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe.

Chukua kijana mwenye ekari 10 za viazi karibu na Nakuru. Kila ekari inatoa magunia 80 ya kilo 50 (nasema la kilo 50, sio ile mukurino ya kufungwa kofia juu). Misimu miwili, magunia 1,600. Akiuza kwa Sh 2,500 gunia, mauzo ni Sh 4,000,000. Aliona TOT haimfai kwa sababu msimu mmoja bei ilimwangusha, kwa hivyo yuko kwenye ushuru wa kawaida. Kwenye ritani anaandika petroli ya pikapu Sh 1,080,000.

Mtu wa KRA hahitaji kutoka ofisini. Anachukua kalamu. Tuseme petroli ni Sh 180 kwa lita: hizo ni lita 6,000. Pikapu yenye mzigo inaenda kama kilomita 10 kwa lita: hizo ni kilomita 60,000 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365 upate kilomita 164. Nakuru hadi Nairobi ni kama 160. Maana yake huyu kijana ameendesha umbali wa Nakuru hadi Nairobi kila siku ya mwaka, Jumapili ndani, Krismasi ndani, siku za masika barabara ya shamba ikiwa tope tupu ndani. Na alipalilia saa ngapi?

Halafu anageuza hesabu, aanze na shamba. Magunia 1,600, pikapu inabeba tani moja, yaani magunia 20. Hizo ni safari 80. Tuseme zote alienda Marikiti mwenyewe, kwenda na kurudi kilomita 320: jumla 25,600. Ongeza safari 100 za mjini kununua pembejeo, kilomita 40 kila moja: 4,000. Jumla 29,600. Hata ukimpa kila kitu alichoomba, shamba lake haliwezi kula zaidi ya lita 2,960, yaani Sh 532,800. Amedai zaidi ya mara mbili. Hakuna mtu aliyemfuata barabarani. Viazi vyake ndivyo vimesema.

Na hapo bado nimemhurumia, manake nimesema aliyapeleka yote mwenyewe. Wengi wenu mnauza kwa broka anayekuja na lori hadi kwa geti. Tangu mwisho wa 2024, sheria inaruhusu mnunuzi kumtolea ankara mkulima ambaye mauzo yake hayapiti Sh milioni 5, ile ya kugeuza: anayenunua ndiye anayeiandika kwenye eTIMS. Kwa hivyo KRA inaweza kuwa na rekodi kwamba magunia 900 yalinunuliwa na mtu fulani, tarehe fulani, kabla wewe hujafungua ritani. Akiulizwa, atasema alichukulia wapi. Kama alichukulia shambani, zile safari 45 za Nairobi ulizoandika za magunia hayo zimekufa hapo hapo.

Risiti zenyewe

Zamani watu walikuwa wanaokota risiti kwenye kituo cha mafuta. Unampa kijana wa pampu hamsini, anakukusanyia zile ambazo madereva wameacha. Nasikia bado kuna wanaojaribu, na ni kupoteza hamsini.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta sharti kwamba, kuanzia 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitolewi kwenye hesabu ya ushuru, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Petroli haimo kwenye zilizosamehewa. Ankara hiyo lazima iwe na PIN yako, na ikiandikwa inaonekana KRA. Tena kwa ritani za mwaka 2025, zile zinazofailiwa 2026, KRA ilitangaza kwamba itakuwa inalinganisha mapato na gharama unazoandika na yale yaliyo kwenye eTIMS, rekodi za ushuru uliokatwa na wanunuzi, na forodha. Kwa hivyo ukiandika mafuta Sh 1,080,000 na ankara zenye PIN yako zinafika Sh 400,000, tofauti inaonekana kabla binadamu yeyote hajaitazama.

Wale wajanja watasema: sawa, nitawapa marafiki wangu PIN yangu, wakijaza mafuta waseme ni yangu. Hiyo nayo ina matundu. Ankara ina tarehe, saa, kituo, aina ya mafuta na lita. Ukiwa na ankara ya Naivasha saa nne asubuhi na nyingine ya Eldoret saa nne na nusu, gari lako lina mabawa. Ukiwa na ankara ya lita 70 na tangi la gari lako linabeba lita 50, umeweka wapi zile 20? Ukiwa na pikapu ya petroli na nusu ya risiti ni dizeli, utaulizwa mashine ya dizeli iko wapi. Utajibu trekta. Sawa, hilo tutalifikia.

Halafu kuna swali la gari ni la nani. Logibuku ya NTSA ina jina na PIN ya mwenye gari. Kama gari ni la shemeji yako na yeye pia ana biashara, mnaweza kujikuta nyote wawili mmedai kilomita zile zile.

Mita ya dashibodi ina mashahidi wengi

Watu hudhani namba ya kilomita kwenye dashibodi ni siri kati yao na gari. Hebu hesabu ni mara ngapi kwa mwaka mtu mwingine anaiandika. Fundi akimwaga oili anaandika kwenye kile kikaratasi cha mlangoni, na kama ni gereji inayotoa ankara, inaandikwa hapo pia. Ukichukua bima kubwa, gari linapelekwa kuthaminiwa, na ripoti ya thamani ina kilomita. Ukichukua mkopo kwa dhamana ya gari, inathaminiwa tena. Kama gari lilitoka Japani, kilomita zake ziliandikwa kwenye ukaguzi kabla halijapanda meli. Ukiuza, mnunuzi anaandika.

Chukua mbili tu kati ya hizo. Ripoti ya bima ya Machi inasema 112,000. Ripoti ya Machi mwaka unaofuata inasema 131,000. Gari limetembea kilomita 19,000, za shamba na za nyumbani pamoja. Ritani inasema 60,000. Kesi imekwisha, na hakuna wakili wa kukusaidia hapo.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa Kamishna nguvu ya kudai rekodi kutoka kwako, na pia kutoka kwa watu wengine: benki, bima, mnunuzi, gereji. Na hili vijana wengi hawalijui: kwenye mzozo wa ushuru, mzigo wa kuthibitisha uko kwako. KRA haihitaji kuonyesha kwamba hukwenda Mombasa. Wewe ndiye unaonyesha kwamba ulikwenda.

Na hapa ndipo mimi hupenda sana hii mada, kwa sababu mkulima mkweli ana bahati kuliko mfanyabiashara mwingine yeyote. Safari ya kweli ya shamba huacha alama pande zote mbili. Ukitoka na mzigo unalipa sesi ya kaunti, na ile risiti ina tarehe na namba ya gari. Ukiingia sokoni unalipa ada ya soko. Ukisafirisha ng'ombe una kibali cha kuhamisha mifugo. Kiwanda kinakupa tiketi ya mizani. Mwenye duka la pembejeo anakutolea ankara ya eTIMS. M-Pesa inaonyesha ulilipa chakula kwenye hoteli ya njiani saa saba na dakika kumi. Safari ya uongo ina alama moja tu, yale maandishi yako. Afisa mzoefu hatafuti uongo kwenye daftari lako. Anachagua safari tano au sita, anauliza upande wa pili uko wapi. Zikikosa tatu, anaanza kuwa na shaka na zote.

Nimeona wakulima wakitupa risiti za sesi barabarani kana kwamba ni maganda ya ndizi. Bana, hiyo karatasi ndogo ndiyo shahidi wako. Ipige picha kabla hujafika nyumbani, manake yale maandishi hufutika.

Daftari la jioni moja

Daftari la safari lililoandikwa jioni moja mwezi wa Juni linajulikana hata kabla ya kusomwa. Kalamu ni moja kutoka Januari hadi Desemba. Hakuna tope, hakuna doa la chai. Kila safari ni kilomita 50 au 100 au 200. Gari la kweli linaenda 43, linaenda 117, siku nyingine linaenda 6 likarudi kwa sababu mvua imefunga barabara. Kuna yule aliyeandika "ofisi ya kilimo ya kaunti" tarehe 1 Juni, Madaraka. Mimi ningekuwa nimelala nyumbani siku hiyo, na ofisi imefungwa.

Kitu kingine cha kuchunga: ukisema asilimia 100 ya matumizi ya gari ni ya shamba na hiyo pikapu ndiyo gari pekee la familia, hakuna atakayekubali. Afisa ana familia pia, anajua watu huenda hospitali. Afadhali useme 70 na uonyeshe ulivyopata 70, kuliko useme 100 na upoteze hata ile 70. Safari ya kutoka nyumbani mjini hadi shambani kila asubuhi nayo usiitegemee, ndiyo ya kwanza kubishaniwa.

Daftari zuri halina maajabu. Kila safari andika tarehe, kilomita ukianza, kilomita ukimaliza, ulienda wapi, kufanya nini. Mstari mmoja, ukiwa bado kwenye kiti. Zile za nyumbani andika pia, hata kwa neno moja, ndio namba zifuatane bila pengo. Mwisho wa mwezi piga picha dashibodi. Kama una kifaa cha kufuatilia gari uliwekewa na bima au benki, omba ripoti yake, ni yako na ni ushahidi mzuri. Weka kila kitu miaka 5, ndivyo sheria inavyotaka.

Trekta na jenereta, hizo usichanganye na pikapu kabisa. Trekta haina mileji, ina saa na ina ekari. Trekta ya kati ikilima kwa diski hula takriban lita 8 hadi 12 kwa ekari, kulingana na udongo na kina. Ekari 10 kulima mara mbili kwa mwaka ni lita 160 hadi 240, ongeza haro na kazi nyingine ndogo. Ukidai dizeli lita 3,000 kwa ekari 10, afisa ataniuliza mimi au mwenzangu wa kaunti yako, na sisi tutajibu kwa namba hizo hizo. Kama unalimia majirani kwa malipo, dizeli ni halali, lakini basi pesa za kulimia ziko wapi kwenye mapato? Watu wengi hunaswa hapo: gharama imeletwa, mapato yake yameachwa nyumbani.

Neno moja kuhusu mambo ya intaneti. Kuna video inazunguka inasema mkulima anaweza kudai asilimia 75 ya matumizi ya gari bila rekodi yoyote. Hiyo ni sheria ya Marekani, ya IRS, kwa mkulima ambaye sehemu kubwa ya siku yake ya kazi gari liko kwenye shughuli za kilimo. Hapa haipo.

Bei ya uongo

Turudi kwa kijana wetu wa ekari 10. Alizidisha gharama kwa Sh 547,200. Kwa kiwango cha asilimia 30, alipunguza ushuru kwa Sh 164,160. KRA ikigundua baada ya miaka miwili, anadaiwa hiyo. Kama taarifa ya uongo ilikuwa ya makusudi, faini ni asilimia 75 ya ushuru uliopungua: Sh 123,120. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, miezi 24: kama Sh 39,400. Jumla ni karibu Sh 327,000, na inakuja kwa mara moja, pengine ile wiki unahitaji mbegu. Makosa yasiyo ya makusudi faini yake ni asilimia 20, ndiyo maana rekodi zenye makosa ya kweli ni afadhali mara mia kuliko rekodi safi za kutunga. Ikifika kuwa kesi ya ulaghai, tunaongea habari za korti na jela. Na kwa kawaida KRA inarudi nyuma miaka 5, lakini kukiwa na ulaghai huo mpaka hauko.

Yule anayekusaidia kujaza hatakuwepo. PIN ni yako, ritani ni yako, na barua itakuja kwa barua pepe uliyoandika iTax. Angalia pia kama hiyo barua pepe ni yako, manake wengi walifunguliwa PIN na watu wa saiba na hawajui hata inaitwaje. Ukipata tathmini ya ushuru usiyokubaliana nayo una siku 30 za kupinga kwa maandishi, ukiambatisha ushahidi. Siku hizo zinahesabiwa uwe umeiona barua au hujaiona.

Kama tayari ulifaili na namba za kutunga, ritani inaweza kurekebishwa kwenye iTax ndani ya miaka 5. Ifanye kabla hujaandikiwa barua ya ukaguzi. Kaa na risiti ulizonazo kweli, toa zisizo na upande wa pili, lipa tofauti na riba yake. Nilimwambia hivyo yule kijana aliyepiga simu, na tukapiga hesabu yake upya kwa simu kwa dakika kama arobaini. Mafuta yake halali yalifika Sh 486,000, nayo si pesa kidogo.

Ritani ya mwaka uliopita inafungwa 30 Juni. Kuhusu wale wanaokodisha trekta na kulipwa kwa magunia badala ya pesa, nimeona maswali yenu, nitayajibu wiki ijayo.